Ua wa Paleti na Adui Yake Mchwa

Mnazi, wilayani Lushoto, iko katika tambarare kavu chini ya Milima ya Usambara. Huko bustani isiyo na ua huwa malisho ya mbuzi, na ua wa fito hudai miti mipya kila uozapo. Ni afadhali shule zitumie mbao za paleti, yaani majukwaa ya kubebea shehena, ambazo mara nyingi huishia kuwa kuni.

Hata hivyo, urahisi wa bei usiwapumbaze watu. Paleti zilizosafirishwa kimataifa huwa na mhuri. Herufi HT maana yake ni kwamba ubao ulipashwa moto hadi kiini chake kikafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30. Joto hilo huua wadudu waliomo, lakini haliachi sumu yoyote ya kuwazuia mchwa watakaokuja baadaye. Zenye herufi MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu, hizo ziachwe.

Kinga iliyo bora ni kuutenga ubao na udongo. Vipande viachwe sentimita 5 juu ya ardhi, vifungwe kwa kamba ya katani kwenye nguzo hai za mlonge, mti unaochipua kwa vipandikizi.

Wanafunzi wafukie kipande kimoja, waning'inize kingine cha uzito uleule, kisha wavikaushe na kuvipima baada ya mvua. Mizani itawaonyesha sababu ya ua wa jirani kuanguka mapema.