Pingamizi Ije Kabla ya Kura

Ndugu zangu wa soko la mbuzi la Kiamaiko, Nairobi: madalali na wachinjaji, kina mama wa matumbo, vijana wa kuchuna ngozi na wa mkokoteni, na ninyi wenye bucha mnaofika alfajiri kutafuta nyama ya mbuzi. Kazi ya kamati ya soko mnaijua. Ndiyo inayokaa na maafisa wa kaunti kuzungumzia maji na taka, ndiyo inayosuluhisha mbuzi wanapofia kwenye lori na kila mtu anaikana hasara, ndiyo inayoshika mchango msiba ukitokea. Lakini siku ya kuichagua, watu hawaulizani habari za maji. Wanaulizana kama fulani ana haki ya kuwania au hana.

Maneno yenyewe mmeyazoea. Huyu si mfanyabiashara, ni dalali tu. Yule leseni yake ilikwisha mwaka jana. Huyu ana deni la kikundi. Yule mama anauza vichwa na miguu, tangu lini akawa mtu wa mbuzi? Na lile linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba fulani si wa kabila la soko hili. Baadhi ya hoja hizi zina msingi katika sheria, nyingine ni fitina tupu. Ombi langu ni kwamba zote zitolewe mapema, ziandikwe, na ziamuliwe mbele ya watu kabla ya kura ya kwanza kupigwa.

Tazameni yaliyoipata Wajir, kaunti ya wafugaji. Mwaka 2017 Mohamed Abdi Mahamud alichaguliwa kuwa gavana. Wapinzani wake wakaenda kortini wakidai hakuwa na shahada inayotakiwa na sheria. Januari 2018 Mahakama Kuu ikafuta ushindi wake, na miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Februari 2019 Mahakama ya Juu ikayapindua yote na kumwachia kiti. Majaji walio wengi walisema kwamba swali la kufaa kwa mgombea ni la kabla ya uchaguzi, na lilipaswa kumalizwa kwenye tume ya uchaguzi na kwa njia zinazofuata hapo. Kwa zaidi ya mwaka mzima watu wa Wajir hawakuwa na hakika kama gavana wao ni gavana. Serikali ya kaunti ina mawakili na bajeti ya kustahimili mashaka ya namna hiyo. Kikundi cha wauza matumbo hakina.

Basi pa kuanzia ni swali ambalo wanachama wengi hawajawahi kuliuliza: sisi tumesajiliwa wapi? Kikundi kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kiko kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, na jibu la nani awanie liko kwenye katiba ya kikundi chenyewe. Chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, kina msajili wake, na hapo kuna hatari ambayo wagombanaji huisahau. Msajili asiporidhika kuhusu ni nani viongozi halali, kifungu cha 18 kinamruhusu kukiagiza chama kilete ushahidi ndani ya mwezi mmoja kwamba mzozo umekwisha au umefikishwa mahali pa kuamuliwa. Chama kikishindwa, usajili unaweza kufutwa. Pande mbili zinavutana juu ya kiti, na chama chenyewe kinaondoka.

Wale wenye ushirika, au wanaofikiria kuuanzisha, wasome kwa makini kifungu cha 28 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490. Kinamzuia kuingia kwenye kamati mtu asiye mwanachama, aliye chini ya miaka 18, asiyejua kusoma na kuandika, aliyefilisika, aliyepatikana na hatia ya udanganyifu, aliye tayari kwenye kamati za vyama vingine viwili, na mwenye deni la chama, lisilo mkopo wa kawaida, ambalo halijalipwa mwaka wa hesabu unapofungwa. Hadi hapo hakuna wa kushangaa. Lakini kuna mawili yanayoigusa Kiamaiko moja kwa moja. Kama ushirika wenu unakopesha wanachama, anayekopesha watu pesa zake mwenyewe hawezi kukaa kwenye kamati. Mashailoki wetu wanaopenda vyeo na walisikie hilo. Na kama ushirika unafanya biashara ya bidhaa fulani, anayefanya biashara ya bidhaa hiyohiyo kwa faida yake, au kwa niaba ya mtu mwingine, naye hawezi.

Hilo la pili lina busara na lina balaa. Busara ni kwamba linamzuia mwenyekiti kuuza mbuzi wake kwanza na wa chama baadaye. Balaa ni kwamba hapa kwetu, ushirika ukianza kununua na kuuza mbuzi, karibu kila mtu anayeijua kazi hiyo atakuwa amefungiwa nje, dalali akiwa wa kwanza. Msingoje mtu aliyeshindwa kura alikumbuke siku ya matokeo. Amueni tangu mwanzo ushirika utafanya kazi gani, na mkiandika sheria ndogo zenu muwe mnajua nani atabaki wa kuchaguliwa.

Kwa vikundi vilivyo huru kujiandikia masharti, nasaha yangu ni msirundike vyeti. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba sharti la shahada kwa wanaowania uwakilishi wa wadi linakwenda kinyume na Katiba. Ikiwa mwakilishi wa wadi ya Kiamaiko halazimiki kuwa na digrii, kwa nini mwakilishi wa wachuna ngozi adaiwe cheti cha kidato cha nne? Mweka hazina ajue kusoma taarifa ya M-Pesa na ya benki. Hilo linatosha, na linapimika. Kabila na jinsia visiwe masharti kabisa. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa aina hiyo.

Wenzetu wa Maharashtra, India, wana sheria ya kamati za masoko ya mazao tangu 1963. Viti vingi ni vya wakulima, wafanyabiashara wana vyao, na kiti kimoja kimetengwa kwa wapagazi na wapima mizani. Nako wanashtakiana sana, hasa mchuuzi anapojiandikisha kama mkulima. Hata hivyo mbeba mizigo wa kule ana kiti kilichoandikwa kwenye sheria, na sioni kwa nini wa hapa asiwe nacho kwenye katiba ya kikundi chake.

Pingamizi nazo zipewe siku zake, tuseme juma moja baada ya majina kubandikwa. Zisikilizwe na watu wachache wasiowania. Mwenye kupingwa apewe nafasi ya kujibu, na uamuzi utolewe kwa maandishi ukiwa na sababu. Sheria ya Haki katika Uamuzi wa Kiutawala ya 2015 haiwabani maafisa wa serikali peke yao. Inamgusa hata asiye wa serikali ambaye uamuzi wake unagusa haki ya mtu. Asiyeridhika afuate ngazi. Tangu kesi ya Spika wa Bunge dhidi ya Njenga Karume mwaka 1992, korti zetu zimekuwa zikisema kwamba pale sheria ilipoweka njia ya kutafuta haki, njia hiyo ifuatwe. Kwa mzozo wa ushirika, njia hiyo ni jopo maalumu la ushirika, na rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Anayekimbilia Mahakama Kuu kwanza huenda akarudishwa nyuma akiwa ameshamlipa wakili.

Kabla ya mkutano wenu ujao, ombeni orodha ya wanachama ibandikwe mahali ambapo hata kijana wa mkokoteni ataiona. Katiba isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiborana, wakati wa mchana soko likishatulia. Na mama wa matumbo ambaye jina lake halimo aje na risiti zake za mchango. Katibu amwandike papo hapo, au amweleze kwa maandishi kwa nini hamwandiki.