Staji iliisha, mugonjwa akabaki katikati ya njia

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Uvira na popote muko,

Leo hatuandike juu ya maji, wala umeme, wala barabara. Tunaandika juu ya usingizi. Kuna watu wengi hapa kwetu wenye hawalale, na sisi wenye tulisomea kazi ya kuwasaidia tuko nyumbani, diploma iko kwa ukuta.

Mwisho wa mwaka 2024, wamoja kati yetu tulikuwa tunamaliza masomo ya saikolojia ya kliniki. Tulifanya staji katika kituo kimoja cha afya pembeni ya kambi ya Bulengo, njia ya kwenda Sake. Tulikuwa wane. Hatukulipwa hata franka moja, motari tulijilipia wenyewe. Mwenye kutusimamia alikuwa na vituo vingine pia, kwa hiyo siku mingi tulibaki sisi na makaye yetu.

Jina la ugonjwa tulilifundishwa kwa Kifaransa. Lakini pale hakuna mutu mwenye alikuja kusema niko na troma. Walikuja kusema: roho inapiga sana, kichwa kinawaka moto, tumbo linasokota, mutoto anakojoa kitandani tangu tutoke Masisi. Wengi walikuwa wamekwisha kupewa parasetamoli mara tatu, mara ine. Wengine walipitia kwanza chumba cha maombi, wakafungiwa na kunyimwa chakula kusudi pepo atoke. Hatupinge sala, maana kanisa njo ilipokea watu siku ya kwanza wakati Leta haikuonekana. Tunapinga kufunga mutu kamba na kumunyima chakula.

Tuseme wazi hii kitu ni nini. Mutu akipita karibu na kifo, mwili wake unaweza kukataa kuamini kwamba hatari imekwisha. Upepo ukipiga manjanja, yeye anasikia risasi. Anaota ile ile, anakwepa njia fulani, sauti fulani, harufu fulani, anakasirikia watoto bila sababu. Ikiwa ni wiki ya kwanza, ni kawaida, wengi inawatoka yenyewe. Ikipita mwezi na mutu hawezi tena kulima, kuuza ao kulea, hapo ni ugonjwa. Si wazimu, si kurogwa, si uvivu.

Na sisi tulikosea. Kulikuwa mama mumoja, kipindi cha kwanza tu tukamuomba aeleze yote, juu fomu ilikuwa na nafasi ya kujaza. Alisimama, akatoka, wiki mbili hatukumuona. Aliporudi tulimuomba musamaha. Akatuambia: "Watoto wangu, nyinyi ni wa ine kuniuliza ile neno. Kila mumoja aliandika, akaenda." Hakuna profesa alitufundisha kitu kikubwa kuliko ile.

Kisha tulianza vile inafaa. Kwanza kupumua polepole, kuhesabu vitu vitano anaviona ndani ya chumba, kujua kama leo ni leo na hapa ni hapa. Baadaye tulitumia njia ya kamba. Unatandika kamba chini, ni maisha ya mutu tangu kuzaliwa. Kwa kila jambo baya anaweka jiwe, kwa kila jambo zuri anaweka ua. Halafu anaeleza, kipindi kwa kipindi, kwa mufuatano, mpaka ile siku mbaya ipate mahali pake nyuma na iache kumurudilia kila usiku. Goma mawe hayakosekane, volkano ilitupatia ya kutosha. Maua njo ilikuwa shida, tukatumia vifuniko vya chupa. Alitia kifuniko kwa ndoa yake, kwa ngombe wa kwanza wa baba yake, kwa kila mutoto.

Siku moja bomba lilisikika mbali, upande wa Sake. Mama aliruka. Na sisi tuliruka. Tukaangaliana, tukacheka. Wengi wetu tulikimbia volkano Mei 2021 na godoro kichwani. Hatukuwa na mutu wa kutusikiliza sisi pia, jioni tulisikilizana wenyewe kwenye bisi.

Tulifika kipindi cha sita. Alikuwa anaanza kulala masaa mane, matano. Mwisho wa Januari 2025 vita ikaingia ndani ya Goma, na Februari kambi ikavunjwa, watu wakapewa siku chache tu za kutoka. Mama alirudi upande wa Masisi. Mwezi wa ine alitupigia na simu ya jirani, akauliza kama kipindi cha saba kitakuwa wapi. Tulikifanya hapo hapo kwa simu, mpaka unite zikaisha.

Kuna wenye kusema hii kazi ni ya wazungu, haiwezi kufaa kwetu. Haiko kweli. Mwaka 2013 utafiti mumoja ulitoka juu ya vijiji vya Kivu, na wanawake 405 wenye walifanyiwa ubakaji ao walishuhudia. Wamoja walipata tiba ya kuongea, sehemu kubwa yake ndani ya kikundi, wengine walipata musaada wa kawaida wa mutu kwa mutu. Kisha miezi sita, wenye dalili za huzuni kubwa (depression) ao wasiwasi walikuwa 9 kwa 100 katika wale wa tiba, na 42 kwa 100 katika wale wengine. Na wenye waliongoza hawakuwa madaktari: walikuwa Wakongomani, wengine wao hata sekondari hawakuimaliza, lakini walifundishwa na walifuatwa kila wiki.

Kufuatwa. Njo hiyo ilikosa kwetu.

Inchi yetu iko na zoni za afya 519. Tunaomba kitu moja: kila zoni ipate musaikolojia mumoja mwenye kulipwa na Leta, mwenye anabaki pale staji za wanafunzi zikiisha, na mwenye simu ya kazi kusudi mugonjwa akihama asipotee. Tena vyuo viache kutuma wanafunzi wane bila musimamizi kwa watu wenye vidonda vya namna hii. Na mashirika yenye kuandika ushuhuda kwa kambi yaseme mbele ya kuuliza: tutarudi siku gani?

Wewe mwenye umesomea saikolojia na uko bila kazi, tuandikie jina la zoni yako ya afya na mwaka ulimaliza. Tunatengeneza liste. Na wewe mwenye mugonjwa nyumbani, usimulazimishe aeleze. Kaa naye, mupikie, ngoja.