Kikosi cha taifa cha raga: Asiyeonekana Kitui na Makueni atateuliwaje?

KILA msimu mpya wa raga unapokaribia, orodha ya wachezaji walioitwa katika kambi ya mazoezi ya timu ya taifa hutangazwa, na kabla ya jua kuchwa mjadala huwa umekwisha kuzuka. Fulani ameachwa kwa nini? Fulani ameitwa kwa lipi? Klabu hii imependelewa, ile imesahaulika.

Mijadala hiyo ni dalili ya mchezo unaopendwa, na makocha hawana budi kuizoea. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo aghalabu halipewi nafasi: wachezaji hao walionekana wapi hata wakateuliwa? Msomaji aliyeketi Wote, Mwingi au Mutomo huliuliza mapema kuliko mwenzake wa Nairobi.

Kando ya kila jina katika orodha kama hiyo huandikwa klabu. Utasoma Kabras Sugar, KCB, Strathmore Leos, Menengai Oilers, Mwamba na Kenya Harlequin. Hutasoma klabu ya Kitui wala ya Makueni, kwa sababu hakuna timu ya Kombe la Kenya, ambayo ndiyo ligi kuu ya raga nchini, iliyo na makao katika kaunti hizo mbili.

Ni rahisi hapa kukimbilia neno ubaguzi. Safu hii haioni kwamba tatizo liko katika kalamu ya kocha, na takwimu zenyewe zinatuonya tusiharakishe kulaumu.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Jumla yao ni takriban milioni 2.1 katika taifa la watu milioni 47.6, yaani chini ya watano katika kila Wakenya mia moja. Lau kikosi cha mazoezi cha watu 30 kingegawanywa kwa idadi ya watu pekee, kaunti zote mbili zingepata mchezaji mmoja, au wawili zikibahatika.

Kwa hiyo, kukosekana kwa mtu kutoka Kitui katika orodha moja hakuthibitishi lolote. Wala haifai kuhesabu majina ya Kikamba na kuyafanya ushahidi. Kijana aliyezaliwa Kibwezi akalelewa na kusomea Nairobi ataandikwa chini ya klabu ya Nairobi, na klabu hiyo ndiyo iliyomkuza.

Kipimo kilicho bora ni kingine: ni vijana wangapi waliobaki Kitui na Makueni waliowahi kutazamwa na mteuzi hata mmoja wakicheza? Hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo ina historia.

Raga ililetwa nchini na Waingereza. Walowezi na maafisa wa serikali ya kikoloni walianzisha klabu mahali walipoishi na kufanya kazi: Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kitale na Mombasa. Kitui na Makueni zilikuwa katika maeneo yaliyotengewa Wakamba, na hapakuwa na jamii ya walowezi ya kuzaa klabu. Uhuru ulipokuja, mchezo ulibadilisha wachezaji lakini haukubadilisha sana ramani.

Ramani hiyo, hata hivyo, si sheria isiyovunjika. Kwa miaka mingi Kombe la Kenya lilikuwa kama mali ya Nairobi, mpaka Nakuru RFC walipolitwaa mwaka wa 2013 na tena 2014. Mnamo 2016 Kabras Sugar, timu ya kampuni ya sukari kutoka Kaunti ya Kakamega, ilishinda taji hilo kwa mara ya kwanza. Tangu hapo hakuna kocha wa taifa anayeweza kuandika orodha yake bila kutazama magharibi.

Je, vijana wa Kakamega walipata miguu mipya mwaka huo? La. Walichopata ni mwajiri aliyeamua kugharamia timu, uwanja wa mazoezi, na ratiba iliyowalazimu wateuzi kufunga safari kwenda kuwatazama. Shule za eneo hilo zilizokuwa na sifa ya raga zikapata mahali karibu pa kuwapeleka wahitimu wao.

Mfano mwingine uko mlangoni pa Ukambani. Patrick Odongo, mmoja wa Wakenya waliocheza raga katika Olimpiki ya Paris 2024, alitokea Daystar Falcons, timu ya Chuo Kikuu cha Daystar ambacho kina bewa Athi River, Kaunti ya Machakos. Hapakuhitajika kampuni kubwa hapo, bali chuo kilichoamua kwamba raga ni sehemu ya maisha ya wanafunzi wake.

Kitui nayo ina Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU), Kwa Vonza. Zipo pia shule kubwa za wavulana, zikiwemo Kitui School, St Charles Lwanga na Makueni Boys. Mvulana mwenye kasi na kifua hapungui katika taasisi hizo. Kinachopungua ni hatua ya pili, baada ya mtihani wa mwisho, anaporudi kijijini ambako hakuna timu ya kujiunga nayo.

Mashindano ya kitaifa ya raga ya wachezaji saba kila upande ndiyo dirisha kuu ambalo makocha wa Shujaa huchungulia kutafuta sura mpya. Duru zake zimezoeleka Mombasa, Kisumu, Nakuru na Nairobi. Duru ya Kabeberi Sevens imewahi kuandaliwa Machakos, hatua iliyolisogeza dirisha hilo karibu na Makueni na Kitui. Lakini kuwa karibu na dirisha si kuwa ndani ya nyumba. Mashindano hayo ni ya klabu, na asiye na klabu huishia kushangilia wenzake jukwaani.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakisemwi sana. Kikosi cha mazoezi si kikosi cha mwisho. Kocha huita wengi ili awapunguze, kwa kuwa Olimpiki huruhusu wachezaji 12 pekee katika raga ya saba, na mechi ya wachezaji 15 kila upande huwa na kikosi cha 23. Si kila anayeitwa huwa na kandarasi. Mazoezi hufanyika Nairobi, asubuhi baada ya asubuhi, kwa majuma kadhaa.

Mchezaji anayeishi Nairobi hurudi kwake jioni. Kijana kutoka Zombe au Nguu atalala wapi? Nauli na chakula atavipata kwa nani, ilhali hana hakika kama jina lake litakuwapo juma lijalo? Mwaliko wa aina hiyo, ingawa unaonekana wa haki kwenye karatasi, huwa umekwisha kumchuja maskini wa mbali kabla hajagusa mpira.

Wapo watakaosema kwamba timu ya taifa si shirika la misaada. Wanasema kweli. Kutenga nafasi kwa kila kaunti kungeiua timu, na kungemdhalilisha hata yule anayepewa nafasi hiyo. Kocha anapaswa kuchagua aliye bora, basi.

Lakini bora miongoni mwa nani? Shujaa ilimaliza ya 11 katika Olimpiki ya Rio 2016, ya tisa Tokyo mnamo 2021, na ya tisa tena Paris. Kati ya hapo ilishushwa kutoka mashindano makuu ya dunia mwaka wa 2023, kisha ikarejea kwa kuilaza Ujerumani 33-15 jijini Madrid, Juni 2024. Simbas nao hawajawahi kucheza Kombe la Dunia, na tiketi ya Afrika ya fainali za 2027 ilitwaliwa na Zimbabwe jijini Kampala, Julai 2025. Taifa lililo katika hali hiyo halina anasa ya kuacha kaunti nzima bila kutazamwa.

Isitoshe, Kitui imewahi kutuonyesha kinachotokea kipaji kinapopata njia. Marehemu Benson Masya alianza michezo akiwa bondia. Mnamo 1992 alishinda mbio za kwanza kabisa za dunia za nusu marathoni, mjini Newcastle, Uingereza. Angebaki bila kuonekana, dunia isingejua kwamba imekosa bingwa, na hakuna aliyeweza kuandika malalamiko kwa niaba yake.

Nini kifanyike? Kwanza, Shirikisho la Raga nchini (KRU) litangaze kila orodha ya kikosi cha mazoezi pamoja na vigezo vilivyotumika na mashindano ambako wachezaji walitazamwa. Orodha iliyoambatishwa maelezo hupunguza fitina, na huonyesha wazi ni wapi ambako wateuzi hawakufika.

Pili, iandaliwe siku ya majaribio ya Ukambani kila mwaka. Uwanja wa Ithookwe, uliokarabatiwa na kuwa mwenyeji wa sherehe za kitaifa za Mashujaa Dei mnamo Oktoba 20, 2025, usingoje hotuba nyingine ya viongozi ndipo ujae tena. Barabara ya lami kutoka Kibwezi hadi Kitui inawezesha vijana wa kaunti zote mbili kukutana hapo.

Tatu, serikali za kaunti zigharamie malazi na nauli za vijana wao wanaoitwa Nairobi. Ni fedha kidogo zikilinganishwa na zinazotumika kununua jezi na vikombe vya mashindano ya msimu mmoja ambayo hayana mwendelezo.

Nne, SEKU na shule jirani zishirikiane kuunda timu moja ya kudumu itakayosajiliwa katika ligi za chini. Kabras Sugar haikuanzia kileleni. Timu hiyo ndiyo itakayompa mhitimu wa kidato cha nne sababu ya kutotundika viatu akiwa na umri wa miaka 18.

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Kocha akiketi kuandika orodha ya msimu ujao, hawezi kumwandika kijana ambaye hakuna aliyemwona. Kazi ya kumwonyesha haimhusu kocha peke yake, bali huanzia Wote na Kitui mjini, katika ofisi ambazo leo zinaona ni rahisi zaidi kulaumu Nairobi.