Anayetibiwa Saratani Asidhaniwe Mtegaji

Katika ofisi na shule zetu, mfanyakazi anayetibiwa saratani hupokewa kwa pole siku anaporudi kazini. Baada ya majuma machache pole hugeuka minong'ono. Mwalimu hawezi kushika chaki. Karani hawezi kukaza kalamu. Tarishi hutembea kama anayekanyaga makaa. Kwa kuwa nywele zake hazikunyonyoka wala hakukonda, wenzake husema kwamba amekwisha pona, sasa anatega. Hukumu hiyo ni dhuluma, na chanzo chake ni kutojua.

Yafaa ieleweke kwamba zipo dawa za saratani ambazo athari yake huonekana zaidi katika viganja na nyayo. Mojawapo ni kapesitabini, vidonge vinavyotumika kutibu saratani ya utumbo mpana na ya matiti. Kwa kawaida mgonjwa huvimeza nyumbani, asubuhi na jioni, kwa siku 14, kisha hupumzika siku 7. Zaidi ya nusu ya wanaovitumia hupatwa na athari hiyo kwa kiasi fulani. Huanza kwa ganzi na kuchomachoma. Hufuata uvimbe, wekundu na maumivu. Isipodhibitiwa, ngozi hutoka malengelenge na kubanduka. Tena, katika ngozi nyeusi wekundu unaotajwa vitabuni huenda usionekane. Badala yake ngozi huzidi weusi na kuwa nene. Anayengojea wekundu atachelewa.

Athari hiyo huweza hata kufuta alama za vidole. Mwaka 2008 mgonjwa mmoja kutoka Singapore, aliyekuwa akitumia dawa hiyo, alizuiwa kwa saa kadhaa na maofisa wa uhamiaji wa Marekani kwa sababu alama za vidole vyake hazikuonekana. Hapa kwetu laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, na zipo ofisi zinazopokea mahudhurio kwa njia hiyo hiyo. Mtu aweza kuandikwa mtoro hali amesimama mlangoni.

Lakini lililo baya zaidi ni ukimya wa mgonjwa mwenyewe. Wengi huficha maumivu wakihofu kwamba daktari akijua atawanyima dawa, na saratani itarudi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina msingi. Maumivu yanapozuia kazi za kila siku, kusimamisha dawa kwa muda mpaka ngozi itulie ni sehemu ya tiba yenyewe. Anayeficha mpaka ngozi ibanduke ndiye huishia kupunguziwa kipimo. Hata hivyo uamuzi huo ni wa daktari. Mgonjwa asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe.

Njia za kupunguza taabu hiyo zipo. Mafuta yenye urea, maji ya vuguvugu badala ya moto, viatu visivyobana, na kuepuka kazi za kusugua kama kufua na kutwanga, yote husaidia. Utafiti uliofanywa India na kutangazwa mwaka 2024, ukiwahusisha wagonjwa 264, ulionyesha kwamba jeli ya kupaka ya diklofenaki ilipunguza athari ya wastani au kali kutoka wagonjwa 15 katika kila 100 hadi chini ya 4. Mgonjwa amwulize daktari wake juu ya jeli hiyo.

Wapo watakaosema kwamba huruma ya namna hii itawafungulia mlango wategaji wa kweli. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, lakini jibu lake ni cheti cha daktari, si minong'ono. Mkuu wa shule anaweza kumpa mwalimu huyo kiti, na mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri akaandika ubaoni. Mkuu wa ofisi anaweza kumpangia karani kazi isiyochosha vidole, na mahudhurio yake yakaandikwa daftarini. Mambo hayo hayahitaji fungu la fedha wala waraka kutoka makao makuu.

Mfanyakazi aliyeugua na bado akaja kazini ameonyesha moyo wa kazi. Sisi wenzake hatuna budi kumuuliza hali ya mikono na miguu yake kabla ya kumhukumu, na kumhimiza amweleze daktari mapema, ganzi inapoanza.