Kashinda vita, kisha kajuta

  

Wiki hii tuweke pembeni mambo ya mapenzi na mavazi, nikupe kisa cha mfalme mmoja ambaye wengi wenu mnamjua bila kujua kwamba mnamjua. Kama wewe ni mtu wa vibanda vya video, utakuwa umekutana na filamu ya Kihindi iitwayo Asoka, ya mwaka 2001. Steringi ni Shah Rukh Khan, mrembo ni Kareena Kapoor. Mule kila kitu kimo: mapanga, farasi, tembo, mahaba, nyimbo za kuchezea majini. Mwishoni linapigwa bonge la vita, steringi anashinda kama ilivyo kawaida ya masteringi, halafu anazunguka katikati ya maiti uso umemshuka. Ndiyo hivyo, imekwisha. Watu wanainuka, wanakung'uta suruali, wanatoka nje wanabishana nani alirusha mkuki vizuri.

Kumbe bwana, pale watu wanapotoka ndipo kisa chenyewe kinapoanza.

Asoka hakubuniwa na watu wa sinema. Alikuwa mfalme wa kweli, mjukuu wa Chandragupta aliyeanzisha dola ya Maurya. Alitawala kuanzia mwaka 268 hivi hadi 232 kabla ya Kristo, makao yake Pataliputra, mji ambao leo unaitwa Patna. Himaya yake si mchezo, ilianzia upande wa Afghanistan ya leo ikateremka hadi karibu na ncha ya kusini ya India. Lile gurudumu la spoku 24 lililo katikati ya bendera ya India tangu 1947 ni la kwake. Sasa upande wa mashariki, kandokando ya bahari, kulikuwa na nchi moja iliyobaki nje ya himaya, inaitwa Kalinga. Leo ni jimbo la Odisha. Mwaka 261 hivi kabla ya Kristo jamaa akaivamia, akaichukua.

Hadi hapo hakuna jipya, wafalme ndiyo kazi yao. Jipya ni kwamba baadaye aliamuru habari za vita hivyo zichongwe kwenye miamba, na alichochonga si majigambo. Anataja hesabu mwenyewe: watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu, 100,000 waliuawa, na waliokufa kwa yaliyofuata walikuwa wengi mara kadhaa ya hao. Halafu anasema imemuuma. Anaendelea kueleza kwamba kule Kalinga walikuwepo watu wema, wanaowatii wazazi wao na kuwatendea watumishi wao vizuri, na kwamba hata yule ambaye upanga haukumgusa aliumia kwa ajili ya aliowapenda.

Hebu tulia hapo kidogo. Mtawala akishinda huwa anahesabu maiti za maadui ili apigiwe makofi. Huyu alihesabu ili ajulikane anavyojisikia vibaya. Na hakuna aliyemlazimisha! Hakuna jeshi lililomshinda wala mahakama iliyomwita. Alishika kwelikweli mafundisho ya Buddha, akatangaza kwamba ushindi mkubwa si wa upanga, ni ushindi wa dhamma, yaani mwenendo mwema. Barabarani akapandisha miti ya kivuli na miembe, akachimbisha visima, akaagiza dawa za watu na za mifugo. Na hakuandikia wasomi peke yao. Sehemu nyingi alitumia lugha za watu wa kawaida, na kule Kandahar, Afghanistan, wamekuta maneno yake kwa Kigiriki na Kiaramu, kwa sababu ndivyo walivyosoma wenyeji wa huko. Baadaye herufi zake za Kihindi zilisahaulika kabisa, jiwe lipo lakini hakuna anayejua linasema nini, mpaka Mwingereza mmoja, James Prinsep, alipozifumbua mwaka 1837.

Kuna kipande kimoja kinachonifurahisha kuliko vyote. Asoka anazungumzia hadi jiko lake. Anasema zamani malaki ya wanyama walichinjwa kila siku kwa ajili ya mchuzi wa ikulu. Sasa wamebaki watatu tu, tausi wawili na swala mmoja, na huyo swala mwenyewe si kila siku, na mbele ya safari hata hao wataachwa. Mimi hapo ndipo nilipomwamini. Muongo angesema ameacha nyama siku ileile. Wewe uliyeapa Mwaka Mpya kwamba kitimoto basi, halafu Februari ukaonekana Mwanjelwa umeshika sahani, unaelewa fika maana ya tausi wawili.

Lakini tusimfanye malaika. Kalinga hakuirudisha kwa wenyewe. Jeshi hakulivunja. Adhabu ya kifo aliiacha palepale, alichoongeza ni siku tatu za kungoja kwa aliyehukumiwa. Watu wa misituni aliwaonya kwamba pamoja na majuto yake yote, nguvu bado anazo, kwa hiyo wasimjaribu.

Na kuna hili ambalo lilininyima usingizi. Lile tangazo la majuto lilichongwa sehemu mbalimbali za himaya, magharibi huko, kaskazini huko, hata Mgiriki wa Kandahar aliweza kulisoma. Ila Kalinga kwenyewe halipo! Kule Dhauli na Jaugada, ndani ya nchi aliyoivunja, miamba imechongwa vizuri tu, Dhauli wamechonga na tembo anachomoza kwenye jiwe. Lakini palipotakiwa kuwa na hesabu ya waliokufa wameweka matangazo mengine mawili, maalumu kwa Kalinga. Yanasema raia wote ni kama watoto wa mfalme, na maofisa wasiwafunge watu ovyo. Mazuri sana. Lakini mwenye msiba hakuambiwa pole. Waliopewa habari ya pole ni majirani.

Wataalamu wana maelezo yao. Labda mfalme hakutaka kutonesha kidonda, labda aliogopa watu watachachamaa. Mimi nadhani aliona haya tu. Kumwambia mtu wa mbali kwamba umemkosea fulani ni rahisi. Kumwambia fulani mwenyewe machoni, hapo ndipo wanaume hutafuta sababu ya kwenda dukani.

Utaniuliza, Asoka na sisi wa Nyanda za Juu Kusini wapi na wapi? Ni hivi. Sisi nasi tunaishi juu ya vita ambavyo washindi wake walisimamisha mawe, ila mawe ya namna nyingine. Ukitoka Iringa kwenda Dar, kabla hujafika Ilula, upo Lugalo. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliuvizia msafara wa Wajerumani wakamuua kamanda wao, Emil von Zelewski, yule aliyepachikwa jina la Nyundo. Wajerumani walijenga mnara pale, wa kuwakumbuka wenzao. Kisha mwishoni mwa Oktoba 1894 wakarudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akakaa porini karibu miaka minne, kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi asikamatwe hai. Wakakikata kichwa.

Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lake lirudishwe. Ikachukua miaka 35! Juni 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipolileta Kalenga, na mpaka leo limo kwenye makumbusho palepale, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini. Aliyelipokea ni mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Huyu mzee naye angestahili safu yake peke yake. Mjukuu wa mtu aliyemaliza mabishano kwa mkuki akawa Spika wa Bunge, kuanzia 1962 hadi 1994 ukiondoa miaka miwili hivi katikati, kazi yake kuwaambia wakubwa wakae chini wamwachie mwenzao amalize kuongea. Kwa mambo ya kuacha mkuki, sijaona kisa cha Iringa kinachokizidi hiki.

Na pole je? Pole ilikuja tarehe 1 Novemba 2023. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani katika vita ile ya 1905 hadi 1907. Maskani kwetu tulibishana siku mbili. Wengine walisema maneno matupu hayajazi debe. Mimi nikawapa habari za Asoka, nikawaambia oneni maajabu. Asoka alijuta mwenyewe, kwa mdomo wake, damu haijakauka, lakini hakwenda kusema palipotokea msiba. Mjerumani alikwenda hadi palipotokea msiba akawatazama wajukuu, lakini aliyekwenda hakumwaga damu yoyote, na aliowapa pole si waliopigwa. Kumpata mtu yuleyule, mahali palepale, mbele ya watu walewale, inaonekana dunia imeshindwa.

Hapo ningeweza kuishia, tukawasema Wajerumani, tukaenda zetu kulala. Tatizo ni familia yangu.

Mimi baba yangu ni Mhehe, mama ni Msangu wa Rujewa. Bibi mzaa baba akianza habari za Mkwawa, chai inapoa. Bibi mzaa mama ukimtajia jina hilohilo anaacha kupepeta mchele, anakuuliza, "Huyo mtoto wa Munyigumba?" Basi, mchana umekwisha. Kwa sababu miaka ya 1870, kabla Mjerumani hajaonekana huku, Wahehe wa Munyigumba, baba yake Mkwawa, waliwapiga Wasangu wa Mtwa Merere wakawasukuma kutoka nchi yao hadi Usafwa, upande huu wa Mbeya. Ndiyo maana Wajerumani walipoingia, kina Merere walisimama nao dhidi ya Mkwawa. Shuleni hili tulilipita mbio kama basi linalopita Igawa usiku. Mtihani uliuliza Mkwawa alimpigaje Mjerumani, na swali hilo nililijibu vizuri. Lakini wa Usangu hawakuwemo kwenye swali.

Sisemi Mkwawa si shujaa. Ni shujaa, na atakayebisha anifuate. Nasema tu kwamba ukikaa Iringa unamwona kama mtu wa Kalinga, na ukikaa Rujewa unamwona kama mtu wa Pataliputra. Wazee wetu hawakuchonga miamba. Wanasema makabila mengi yaliyopigana yalimalizia kwenye utani, yaani mjukuu wa adui yako anakuja msibani kwako, anakutukana mbele ya watu, anadai ubani, na wewe unacheka huku unalia. Sijui kama Asoka angeweza. Lakini bibi zangu wawili hawa walikutana mara moja tu, kwenye harusi ya wazazi wangu, na inasemekana waliongea habari za mvua.

Basi nikawa nimejipangia kwamba upande wa mama ndio wenye kudai. Jumapili nikamsimulia mwenye nyumba wangu hapa Mbeya, mzee wa Kisafwa, tumekaa barazani anakata kucha. Nikamweleza Kalinga, Dhauli, Lugalo, Songea, nikafika Wasangu walivyofukuzwa wakaja Usafwa. Akainua uso.

"Walikuja kwetu," akasema. "Unajua walikuja vipi?"

Nikanyamaza. Kwa sababu najua. Watu wa Merere hawakuja Usafwa kama wageni wa kuomba maji ya kunywa. Waliwatawala wenyeji.

"Huyo mfalme wako wa India," akaendelea, "alijuta kweli?"

"Alijuta, mzee. Akachonga mpaka kwenye mawe."

"Na nchi ya watu akairudisha?"

"Hapana, mzee."

Akacheka mpaka mkasi ukamdondoka. "Haya mwanangu, kwa niaba ya babu yangu nimewasamehe. Sasa nenda kamuulize mama yako, ng'ombe wetu wanaletwa lini?"