Pembe za Juu ya Nguzo Zinataka Jina

Ukipita chini ya nguzo ya zamani inayobeba transfoma, inua macho. Kwenye baadhi yake utaona vyuma viwili vyembamba vilivyopindwa kama pembe za mbuzi, vinaelekeana bila kugusana. Pengine katikati yao kumesimama kijiti cha chuma. Uliza wapita njia ni nini hicho. Mmoja atasema antena, mwingine chuma cha kufukuza ndege. Na kuna jibu linalosemwa kwa sauti ya chini: ni chombo cha wale wanaotuma radi.

Chombo chenyewe si siri. Mafundi hukiita kwa Kifaransa éclateur à cornes. Pembe moja imeungwa na waya wenye umeme, ya pili imeungwa na waya unaoshuka hadi ardhini. Siku zote hewa iliyo kati yao, sentimeta chache tu, inatosha kuuzuia umeme usivuke. Radi ikipiga laini, nguvu inapanda ghafla, inaruka mwanya huo na kushuka ardhini badala ya kuipasua transfoma. Moto unaowaka hapo unapanda juu kwa joto lake, unarefuka kwa kuwa pembe zinazidi kuachana, mwisho unakatika. Ndiyo sababu zimepindwa. Kijiti cha katikati ni cha kuzuia ndege asitue akaziunganisha pembe kwa mwili wake. Kwa hiyo yule aliyetaja ndege hakuwa mbali sana.

Sasa, kwa nini jarida la lugha lishughulike na vyuma?

Kwa sababu tunaishi chini ya radi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwa vipimo vya setilaiti, uliiweka Kabare, hapa Kivu ya Kusini, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya mimweko 200 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Na ule waya unaoshuka ardhini ni wa shaba mara nyingi. Kuna wanaoukata usiku na kuuuza kwa kilo. Ukikatwa, pembe zinabaki pambo, transfoma inaungua, mtaa mzima unakaa gizani na majirani wanaanza kuchanga pesa. Jirani aliyeona waya ukikatwa angepiga kelele, kama angejua ni waya wa nini. Lakini atamwambia nani, na kwa neno gani? Kitu kisicho na jina hakiibiwi, kinapotea tu.

Kiswahili sanifu kinatutega hapa. Neno umeme linabeba mmweko wa mawinguni na pia nguvu inayowasha taa. Ukiandika "kinga ya umeme" kwenye nguzo ya umeme, msomaji atauliza nguzo inajikinga na nini. Afadhali radi. Hata Kifaransa kinatenganisha paratonnerre ya juu ya paa na parafoudre ya kwenye laini. Mimi napendekeza pembe za radi: macho yanaziona pembe, na sikio linasikia kazi yake.

Wenzangu watasema Kifaransa kinatosha, au tungoje kamusi kutoka Dar es Salaam. Kifaransa cha fundi kinaishia kwenye ngazi yake. Mama anayeuza makala chini ya nguzo hakisikii. Na kamusi ya Dar haijui poto zetu. Kila mwaka kitivo kinapokea kazi nyingine juu ya ngeli za nomino. Mwanafunzi mmoja tu angefuatana na mafundi kwa wiki mbili, daftari mkononi, angeuliza kila chuma kinaitwaje wanapozungumza wao kwa wao.

Huenda tayari wana jina la pembe hizi. Kama lipo, tuchukue la kwao, langu lifutwe.