Kosa Si la Cherehani

Liko neno linalosemwa sana na mafundi wa kushona, nalo lastahili kukanushwa waziwazi. Mtu apelekapo fulana au jezi iliyofumuka, huambiwa, "Cherehani hii haiwezi nguo za kuvutika, tafuta mwenye ovaloki." Na binti wa hapa Ndandalo aliyerithi cherehani ya kukanyaga ya mama yake huambiwa vivyo hivyo, asiguse fulana mpaka apate fedha ya mashine ya pili. Hivyo mlango wa riziki wafungwa kwa neno lisilo kweli. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Tuitazame nguo yenyewe. Khanga hufumwa kwa nyuzi zikatizanazo, mtande na mshindio, basi haivutiki sana. Lakini fulana hufanywa kwa vitanzi, kitanzi ndani ya kitanzi. Ukiivuta hunyoka, ukiiachilia hurudi. Ufundi wetu ulikulia katika marekani, kaniki na khanga, nasi twaihukumu fulana kwa sheria ya khanga. Hapo ndipo penye kosa.

Sindano yenye ncha kali hukata kitanzi, na kitanzi kimoja kikikatika jirani zake hulegea, mwisho pakawa tundu. Dawa yake ni sindano ya ncha ya mviringo, ipenyayo kati ya nyuzi bila kuzikata. Namba 75 au 80 yafaa kwa fulana nyepesi, mradi shina lake lilingane na cherehani. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba hukatika upesi ukivutwa. Mwenye mshono wa zigizaga autumie, mwembamba, upana wa milimita 1 hivi, kwa kuwa mshono uendao pinda pinda hunyoka pamoja na nguo. Na cherehani isiyojua ila mshono ulionyoka isidharauliwe: ufupishe mshono, ulegeze kidogo mkazo wa uzi, kisha uishike nguo mbele na nyuma ya sindano na kuivuta kidogo tu, ili uzi mwingi zaidi uingie. Mabegani shonea utepe usiovutika.

Sikatai faida ya ovaloki. Hushona, hukata ukingo na kuuzungushia uzi kwa mara moja, nayo yamfaa mwenye kushona jezi mia. Wala sisemi kwamba mshono ulionyoka wafaa shingoni mwa fulana ya kubana, panapovutwa kila siku. Lakini wema wa chombo cha mwingine si udhuru wa kutokijua chako.

Basi, enyi mafundi, kabla hamjamrudisha mtu na fulana yake, badilisheni sindano, mkajaribu katika kipande kibovu. Nanyi mnaowafundisha mabinti kazi hii, msiwatie hofu ya kitambaa msichokichunguza. Bei ya sindano ni ndogo mno kuliko ya mashine. Na anayemwambia maskini anunue mashine ilhali apungukiwa na sindano, amemdhulumu.